Mnada Uliofungwa Saa Nane Mchana

Wapendwa, kaeni. Walio nyuma kule sogeeni mbele, viti vya mbele haviumi mtu. Leo nimekuja na kisa kimoja tu, na chenyewe nimekitunga juzi nikimenya viazi, kwa hiyo asitoke mtu hapa kanisani akaanza kuulizia huyo bwana anakaa mtaa gani. Hakai popote. Na kama kuna mtu humu ndani ana mashine ya kutotolesha vifaranga, Mzee Kihwele nakuona umeanza kujikunja, tulia baba yangu, si wewe.

Palikuwa na bwana mmoja mfugaji. Hodari kabisa, hana uvivu. Alikuwa na mashine yake ya kutotolesha, lile sanduku lenye taa na trei ndani. Unapanga mayai, unaliwasha, linayapa joto badala ya kuku kuyalalia, na baada ya wiki tatu unaamka asubuhi nyumba nzima inalia piu piu piu. Watu walimletea mayai kwa miaka mingi, naye akapata riziki yake. Mashine ilikuwa imechakaa rangi lakini kazi ilifanya. Sasa bwana akatamani kubwa zaidi, akaona auze hii ya zamani, aongezee kidogo, apate mpya. Je, hiyo ni dhambi? Si dhambi. Kutamani mashine kubwa si dhambi, msije mkaniwekea maneno mdomoni.

Siku hizi watu wengi hawatundiki tena kibao mlangoni kwamba kitu kinauzwa. Kuna mnada wa kwenye simu. Naeleza kwa ajili ya wale ambao simu zao ni za kupigia tu. Unapiga picha ya kitu chako, unaiweka kwenye mtandao wa mnada, unaandika bei ya kuanzia, ile ndogo ya kuwachokoza watu, halafu unaweka saa ya kufunga. Watu wanapandishiana bei, huyu anataja, yule anaongeza, na saa ikifika mnada unajifunga wenyewe. Aliyekuwa juu wakati huo ndiye mshindi. Ni kama mnada wetu wa mavuno pale nje baada ya ibada, tofauti ni kwamba kwenye simu hakuna Mwinjilisti Mwalongo wa kukupigia kelele mpaka unajikuta umenunua boga kwa bei ya mbuzi.

Bwana yule alifikiri vizuri. Akasema, mchana watu wako shambani, wako sokoni, wako kazini, nani atakaa na simu? Mnada wangu nitaufunga kesho saa mbili usiku, watu wameshakula, wamenyoosha miguu, hapo ndipo bei inapopanda mpaka raha. Akafungua simu, akaweka picha, akaweka bei ya kuchokoza, haikufika hata robo ya thamani ya ile mashine, maana alijua itapanda tu. Mtandao ukamuuliza: mnada ufungwe saa ngapi? Akaandika mbili. Ukamuuliza: mbili ya kabla ya mchana au ya baada ya mchana? Akajisemea, usiku unakuja baada ya mchana, akagonga baada ya mchana. Akatia simu mfukoni, akaenda kulisha kuku.

Naona mnacheka. Walioelewa wanacheka, na ambao hawajaelewa wanawacheka wanaocheka. Ngoja niseme taratibu. Sisi saa zetu tunaanza kuzihesabu kunapokucha: saa moja asubuhi, saa mbili asubuhi. Jua likizama tunaanza upya: saa moja usiku, saa mbili usiku. Simu haiko hivyo. Simu inaanza upya pale kwetu panapoitwa saa sita, iwe ya mchana au ya usiku. Kwa hiyo ukiiambia mbili ya baada ya mchana, yenyewe inaelewa saa nane, jua likiwa bado kali. Kuisoma tumezoea, inaonyesha nane na mdomo unatamka mbili bila hata kufikiri. Lakini siku unapoambiwa uandike mwenyewe, na una haraka, mkono unaandika kile mdomo unachosema. Ndicho kilichompata.

Sasa mwacheni huyo bwana na kuku wake, twende upande wa pili wa mji. Huko kulikuwa na mama mmoja, na mtaa wake ulikuwa umepitiwa na kideri. Mnakijua kideri. Asubuhi una banda limejaa kuku, kesho yake umeshika jembe unachimba shimo la kuwafukia. Mtaa mzima walibaki na kuku wachache, huyu mmoja, yule wawili. Na mayai ya hao waliobaki, kina mama walikubaliana yasiliwe. Mtoto asikaangiwe yai, mgeni asichemshiwe yai, kila yai liwekwe, wakitafuta namna ya kuyatotolesha yote kwa pamoja ili mtaa upate kuku tena. Lakini yai la kutotolesha lina muda wake. Likikaa sana, linabaki la kukaanga. Mayai yao yalikuwa yanakaribia huko, na mashine hawakuwa nayo.

Mama huyu alikuwa na tabia ya kuchungulia ule mnada wa kwenye simu. Kesho yake mchana, siku ya kufungwa mnada, alikuwa kwenye foleni ya mashine ya kusaga, ndoo ya mahindi miguuni, akaiona picha ya lile sanduku. Akaona na bei ya kuanzia. Alichokuwa nacho kwenye simu kilitosha bei hiyo, si zaidi. Akaitaja, ili tu aje aseme alijaribu, moyoni akijua wenye hela watakuja kumpita. Zamu yake ya kusaga haijafika, simu ikalia. Hongera, umeshinda.

Akasoma. Akampa jirani asome. Wakarudi wote wawili kwenye tangazo, wakakuta limeandikwa wazi kwamba mnada unafungwa saa nane, na saa nane ndiyo hiyo. Mama akatuma hela pale pale. Sasa habari ikishafika kwenye foleni ya mashine ya kusaga, wapendwa, mnajua wenyewe. Unga haujapoa, mtaa mzima unajua. Na mtaa wa jirani. Mama akawaambia wenzake, kesho asubuhi leteni mayai kwangu, mashine inakuja, tuyawahi yakiwa bado mazima.

Turudi kwa bwana. Saa mbili kasoro usiku amekaa sebuleni na rafiki zake wawili, amewaita waje waone watu wanavyopandishiana bei. Chai ipo, karanga zipo. Simu ilikuwa kwenye chaji tangu mchana, hakuwa ameigusa. Akaichukua, akaifungua huku anatabasamu, akakuta mnada ulishafungwa zamani, mtu mmoja tu ndiye aliyetaja bei, tena ile ya kuchokoza, na hela imeshaingia. Tabasamu likabaki usoni, halina kazi.

Mkewe alikuwa jikoni. Hakumwambia kitu. Mwanaume akifanya kosa la kijinga, mkewe ndiye wa mwisho kuambiwa, na kina baba msiinamishe vichwa, sijataja jina la mtu.

Rafiki wa kwanza alikuwa na dawa ya haraka.

"Mwambie huyo mshindi mashine imeungua," akasema.

"Haijaungua," bwana akajibu.

"Ukitaka, itaungua."

Bwana akakataa. Tumpe haki yake, mtu huyu hakuwa mwongo. Rafiki wa pili alikuwa mtu wa hoja. Akasema hapa pasiwe na uongo, kosa ni kosa, lisemwe kama lilivyo. Mtu akiuza kwa kukosea, kwani ameuza? Moyo wake haukukubali bei ile, vidole ndivyo vilivyokosea. Na huyo mnunuzi naye si mtoto, anajua mashine kama ile haiuzwi bei ya kikapu cha nyanya, kwa nini hakuuliza? Akamwambia, wewe futa, rudisha hela, omba radhi, yaishe.

Haya, sasa nyie. Wanaosema bwana afute mnada, mikono juu. Asanteni, shusheni. Wanaosema ampe mama mashine yake? Mama Ngailo umenyanyua mara zote mbili, chagua upande. Wazee wa kanisa hamjanyanyua kabisa, mnangoja muone mchungaji atasemaje ndipo mseme ndivyo mlivyokuwa mnafikiri. Kanisa limegawanyika katikati, na hii ni mashine ya kuku tu. Ingekuwa kiwanja, si tungerushiana viti?

Siwalaumu, maana kila upande una la kusema. Mnaosema afute, mna haki, mtu anaweza kukosea na asihesabiwe mnyang'anyi. Mnaosema ampe, nanyi mna haki. Mama alikosa nini? Alitaja bei iliyowekwa, ndani ya saa iliyoandikwa, akalipa. Lakini nawauliza swali moja, na mjijibu kimya kimya. Ingekuwa mama ndiye aliyekosea, vidole vimeongeza sifuri moja kwenye bei, yule bwana angemwamsha mtu usiku amrudishie? Au angesema, mama, mnada ni mnada? Tunapokosea sisi tunataka watu watuelewe. Akikosea mwenzetu tunataka kanuni ifuatwe, tena ifuatwe leo leo.

Basi bwana akawapigia wenye mnada. Wakamjibu kwa heshima kwamba kwao saa waliyoandikiwa ndiyo waliyofunga, na mshindi ni mshindi. Ila mnunuzi mwenyewe akikubali kwa hiari yake kughairi, wao watafuta, hawana neno. Kwa hiyo mambo yote yakawa mikononi mwa mama mmoja ambaye hamjui hata sura. Akampigia, akamwambia yeye ndiye mwenye mashine na kuna jambo la kuzungumza. Mama hakugomba, hakuuliza sana. Akamwelekeza nyumba, akamwambia, baba, njoo asubuhi tuongee.

Asubuhi bwana akaamka, mkewe hayupo, ametoka mapema. Akashukuru, maana hakuna wa kumuuliza anakwenda wapi na shati la Jumapili siku ya Alhamisi. Njia nzima akawa anayapanga maneno yake. Akayachagua yale laini. Jambo dogo. Hitilafu kidogo. La kibinadamu tu. Mnayajua maneno hayo, sisi sote tuna akiba yake.

Akafika, akapiga hodi, akakaribishwa kiti, akaletewa chai. Mama alikuwa mchangamfu, amefunga kitambaa kichwani, mikono ina vumbi la pumba. Bwana hakuigusa chai. Akaanza.

"Mama yangu, kumetokea kosa kwenye ule mnada."

"Kosa la nani, baba?"

"Langu. Niliandika saa vibaya. Ulitakiwa ufungwe usiku, ukafungwa mchana. Nakuomba uniachie, nikurudishie hela yako yote na nyongeza ya usumbufu."

Mama akaangalia mlango wa uani, akamwangalia tena bwana. Wapendwa, yule mama aliumia. Mtu amelala na furaha, ameamka nayo, halafu inaombwa irudishwe kabla hajaiona kwa macho. Lakini hakupiga kelele.

"Baba, umekuja mwenyewe na umesema kweli," akamwambia. "Haki yangu mimi nakuachia, sitakushika. Ila kuna watu uani nimewaita kwa neno lako. Hao siwezi kuwaambia mimi, wataona niliwadanganya. Twende ukawaambie kwa mdomo wako."

Bwana akafurahi. Mnamwelewa? Akaona kazi imekwisha. Mwenye haki ameshaachia, kilichobaki ni tangazo tu, na matangazo hata hapa kanisani yanasomwa watu wakiwa wanatafuta viatu. Akasimama, akanyoosha shati, akamfuata mama uani.

Uani kulikuwa na kina mama wamejipanga kwenye benchi, na wengine kwenye mkeka. Kila mmoja na mayai yake. Mmoja ameyafukia kwenye ndoo ya pumba yasigongane. Mwingine ameyabeba ndani ya sweta la mtoto. Wameyachora kwa mkaa ili yasichanganyike, haya yana msalaba, haya yana duara, haya yana mistari miwili. Bibi mmoja alikuwa na matatu tu kwenye kibakuli, ameyafunika kwa mkono kana kwamba jua litayaiba. Na wote walipomwona mwanaume ameingia na shati la Jumapili, wakajua ndiye mwenye mashine. Wakaanza kumpa mkono. Wakamwita baba. Bibi wa mayai matatu akamwambia kuku wake amebaki mmoja, na jana aliposikia habari ya mashine akamlaza ndani.

Bwana akakohoa. Akawaamkia wakubwa, akawasalimu wadogo. Akasema, kina mama, nimekuja hapa kwa sababu kuna jambo dogo, hitilafu kidogo tu ya kibinadamu. Kabla hajaendelea, macho yake yakafika mwisho wa benchi.

Pale mwisho wa benchi, na beseni mapajani, kitenge kimefunika beseni, alikuwa amekaa mkewe.

"Endelea, Baba Lusungu," akamwambia. "Tunakusikiliza."

Chekeni, wapendwa, chekeni, mimi mwenyewe nilicheka mpaka kiazi kikanidondoka. Na mke, kwa sauti ya chini kabisa, ile sauti ambayo kina baba mnaiogopa kuliko kelele, akawaeleza wenzake. Kwamba yeye naye ana kuku wake wawili, mbali na wale wa mumewe. Kwamba alimwomba mumewe mara nyingi amwekee mayai kwenye mashine, akajibiwa nafasi ni ya mayai ya wateja, subiri. Mwisho akasikia mashine yenyewe inauzwa, akajua basi tena. Jana jioni akaambiwa kuna mama upande huu wa mji amepata mashine, anapokea mayai ya watu wote. Akamwangalia mumewe.

"Kumbe nimebeba mayai nikapanda kilima chote hiki," akasema, "kuifuata mashine iliyoko chumba cha pili nyumbani kwangu."

Kina mama wakageuka wote kumtazama bwana. Bibi wa mayai matatu, ambaye hakuwa ameelewa vizuri, akauliza kwa upole hiyo hitilafu yenyewe ni nini, isije ikawa mayai yake yamechelewa.

Bwana akamwangalia bibi. Akaangalia kibakuli. Maneno yake laini yote aliyokuja nayo yalikuwa yamemtoka kichwani.

"Hitilafu yenyewe, bibi," akasema, "ni kwamba mashine ni nzito. Nahitaji watu wawili wa kunisaidia kuipakia. Mchana huu itakuwa hapa."

Na ikawa hapo. Akaipakia kwenye guta la magurudumu matatu, akaileta, akaiunganisha, akaonyesha trei zinavyogeuzwa na joto linavyoangaliwa. Mayai yakapangwa, ya msalaba na ya duara, na yale matatu ya bibi yakawekwa katikati, na ya beseni lenye kitenge yakawekwa mwishoni, kwa mikono ya bwana mwenyewe, akiwa anaangaliwa vizuri.

Sasa najua mnachotaka. Mnataka niwaambie kwamba Mungu alimfidia, wiki iliyofuata mtu akamletea mashine mpya bure. Sijui. Kisa ni changu na hiyo sehemu sijaiona. Alipata hasara, ikamuuma, na mashine kubwa aliyoitamani akaisubiri tena kwa muda mrefu. Kulishika neno lako kunaweza kukugharimu, na mimi sitasimama madhabahuni niwadanganye.

Mwingine ananiuliza, na namwona anavyonong'ona pale kwaya ya vijana, je, alifanya vile kwa kumcha Mungu au kwa kumwogopa mkewe? Namjibu hivi: kuna siku Mungu anatuma malaika, na kuna siku malaika wana kazi nyingine, anamtuma mama watoto na beseni. Wewe mtumwa wa Mungu huchagui tarishi.

Lakini tusitoke hapa tumecheka tu. Mtazameni yule mama mnunuzi. Kile kilichokuwa chake alikiachia, bila kugomba, bila kudai fidia. Kwa hiyo sisi tunaonunua tusiwe mwewe. Mwenzako akikosea kwelikweli, na kosa bado liko kati yako na yeye, mwachie, umempata ndugu. Pale nilipokuwa nawauliza nani anyanyue mkono, wengi mlidhani kesi ni ya watu wawili, mwenye mashine na mwenye bei. Hata bwana mwenyewe alidhani hivyo. Haikuwa hivyo tangu ule mchana mama alipotoka kwenye foleni ya kusaga.

Maana sisi tunadhani neno letu linakaa pale tulipoliacha. Namwambia mtu ndiyo, naona ni mimi na yeye tumemalizana. Kumbe yeye ameondoka na ile ndiyo yangu, akaenda kumwambia mwingine ndiyo, na huyo naye akamwambia wa tatu. Fundi anasema gauni tayari Ijumaa, bibi harusi ameshawaita ndugu kutoka Makambako. Mzazi anamwambia mtoto nitakuja shuleni siku ya mahafali, mtoto ameshawatangazia darasa zima kwamba baba yangu anakuja, mtamwona. Halafu Ijumaa inafika, mahafali yanafika, unatuma ujumbe: samahani, nilichanganya siku. Ni kweli ulichanganya. Hakuna anayesema unadanganya. Lakini umemwachia mtoto akabebe mchanganyiko wako mbele ya darasa, peke yake.

Kukosea tutakosea. Bwana yule hakuna aliyemgombeza kwa kuandika saa vibaya, hata mkewe hakumgombeza kwa hilo. Alichotakiwa kuamua ni kosa lile libebwe na nani. Na sisi tukiachiwa tuamue wenyewe, huwa tunamtwisha aliye mbali, ambaye hatujui sura yake wala kibakuli chake. Ndiyo maana tunapenda sana kughairi kwa simu. Kwenye simu hakuna bibi. Yule mama alimpitisha bwana uani, basi, akamwonyesha watu.

Na hapa nawaambia habari njema, kwa sababu mimi si mwalimu wa minada. Sisi wote tuliomo humu ni watu wa ule uani. Tumekaa kwenye benchi na vibakuli vyetu. Wagonjwa wetu, watoto wetu walioko mbali, wapendwa tuliowazika pale nje mwaka huu, wote tumewaweka chini ya neno la Mungu tu, hatuna dhamana nyingine. Na kama kuna mwenye sababu ya kusema samahani jamani, hawa nilikosea kuwachukua, bei yao haikuwa hii, ni yeye. Anatujua tulivyo. Alilipa kikubwa, akatupata sisi. Na hajafuta. Angekuwa anafikiri kama rafiki wa pili, leo tungekuwa wapi? Angalieni mlivyokaa hapo salama, mmefua, mmepaka mafuta. Mko hapa kwa sababu kuna mtu alilishika neno lake likiwa limemgharimu.

Sasa wewe. Kuna mtu ulimwambia ndiyo, na wiki hii yote umekuwa ukipanga maneno laini ya kumwambia kumetokea jambo dogo. Jina lake limekujia sasa hivi, umekaa hapo hapo, wala hukunitegemea mimi kulitaja. Sikwambii umpigie simu. Nenda kwake. Omba upitishwe uani, uwaangalie wanaokungoja mmoja mmoja, mpaka yule wa mwisho wa benchi. Ukiweza kulisema lile jambo lako dogo mbele yao, haya, liseme. Usipoweza, rudi nyumbani ukapakie mashine.